Risasi Niliyompa Mgeni Alfajiri Ile

Simu ya mpwa wangu huingia saa kumi na moja na nusu alfajiri, nimetoka msikitini na kofia ingali kichwani. Kwao Wisconsin huwa ni saa tatu na nusu ya usiku, watoto wameshalala, naye ndiyo kwanza amevua nguo za kazi. Ni nesi. Siku zote huongea habari za nyumbani: nani kaoa, nani katangulia mbele ya haki, mvua imenyesha ama vipi. Oktoba ya mwaka juzi alianza na jambo jingine kabisa.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mjomba, wewe si ulibeba bunduki za wawindaji zamani? Nataka uniambie ninunue risasi gani."

Wenzake wa kazini walikuwa wamemwalika msituni mwezi wa Novemba, ule msimu wa siku tisa ambao jimbo lao huruhusu watu kuwinda ayala, mnyama wa kule anayefanana na swala, kwa bunduki. Darasa la usalama alishapita, maana sheria ya kule humtaka kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1973 asome kwanza ndipo apate leseni. Bunduki alishanunua, ya mkono wa pili, .30-06, aina iliyoanza na jeshi la Marekani mwaka 1906 na bado haijachoka. Kilichomshinda ni duka. Alinitumia picha: ukuta mzima wa visanduku, kila kimoja kimechorwa dume la mapembe, kila kimoja kinasifia kasi yake.

Nilimwambia anisubiri mpaka kesho. Jibu nilikuwa nalo tangu 1975, lakini sikuwahi kumsimulia mtu wa nyumbani jinsi nilivyolipata, na niliona si haki kumpa jibu bila kisa chake.

Mimi ni mtu wa Malindi, mtoto wa mvuvi. Mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi na minane, mtu wa mtaani kwetu alinipeleka kambi ya wawindaji kuosha sufuria. Kambi zilikuwa bara, nchi kavu iliyo nyuma yetu, kando ya ule mto ambao huko juu unaitwa Galana na ukifika kwetu unaitwa Sabaki. Mwaka uliofuata mbeba bunduki mmoja aliugua, nikaambiwa nishike nafasi yake. Kazi yenyewe watu hudhani ni kubeba tu. Mbeba bunduki huifuta bunduki vumbi, huichunga mtutu wake usiguse ardhi, hukaa hatua moja nyuma ya mgeni aliyekuja kuwinda, na risasi za akiba zinakuwa kiunoni pake. Mgeni akinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kitu kitakachotua kiganjani mwake kimetoka kwako.

Bunduki kubwa ya kambi ilikuwa .375 ya Holland & Holland, risasi iliyobuniwa London mwaka 1912, na ilikuwa na chakula cha aina mbili. Sisi tulikuwa tukiziita softi na solidi. Solidi imevikwa koti gumu la chuma na shaba mpaka kwenye ncha. Haifunguki. Ikiingia nyama inabaki vile vile ilivyokuwa, inapasua mfupa na kwenda mbele, na ndiyo sababu ilikuwa ya nyati na ndovu. Softi koti lake limeachwa wazi mbele, madini ya risasi yanaonekana yenyewe, ya kijivu. Ikigusa mnyama ile ncha hukunjuka kama ua, upana wake unakaribia kuwa maradufu, na njia inayoacha ndani ni pana. Hiyo ndiyo ya swala wote.

Alfajiri niliyotaka kumsimulia mpwa wangu, tulikuwa tukifuata nyayo za nyati waliokunywa maji usiku. Mwanga ulikuwa bado wa kijivu. Mbele alikuwa mzee wetu wa nyayo, Mlangulo, mtu ambaye ukoo wake ulikuwa ukiwinda ndovu kwa pinde na mishale ya sumu kabla hizo kambi hazijawekwa. Nyuma yake Bwana mwindaji, yule aliyewaongoza wageni, kisha mgeni, kisha mimi. Bunduki ilikuwa na solidi tupu kwa ajili ya nyati. Ghafla mzee alisimama na kushusha kiganja. Katikati ya vichaka, kama hatua themanini, alikuwa amesimama tandala dume, ile aina ndogo ya nchi kavu, mistari yake myeupe ubavuni ikionekana kama imechorwa kwa chaki. Mgeni alikuwa na leseni yake. Bwana akanong'ona neno moja: "Softi."

Mgeni akafungua bunduki taratibu, akatoa solidi, akanyoosha mkono nyuma. Nikamtilia risasi kiganjani. Nilitoa upande nisiotakiwa. Nilimpa solidi nyingine.

Mlio ulipotoka tandala aliruka kama aliyechomwa na mwiba, akapotea. Hakuyumba, hakupiga magoti. Tulipofika pale aliposimama kulikuwa na manyoya machache yaliyokatika na matone mawili ya damu, madogo kama punje za pilipili manga. Mzee alichutama akayatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akanyanyua uso, akanitazama mimi, si mgeni. Nilipapasa mkanda wangu nikajua.

Tulimfuata yule mnyama tangu jua halijatoka mpaka adhuhuri imepita. Damu ilikatika baada ya hatua mia mbili. Mzee aliendelea kwa kwato tu, na mara nyingine kwa jani lililogeuzwa. Tulimkuta amelala chini ya mgunga, kichwa kiko juu, masikio yanacheza. Alikuwa hai. Alitutazama tukija na hakuweza kuinuka. Bwana akammaliza, mzee akawahi na kisu. Tulipompasua tuliona njia ya risasi: ilikuwa imeingia nyuma kidogo ya mahali pake, ikapita ukingoni mwa pafu moja na kwenye ini, ikatokea upande wa pili. Tundu la kuingilia na la kutokea yalilingana, yote mawili yakienea kidole changu kidogo. Lile ini softi ingeliharibu lote, na mnyama angeanguka mbele ya macho yetu. Mkono wa mgeni ulikosea upana wa kiganja. Mkono wangu ndio uliofanya kosa lile liwe saa saba za maumivu.

Hakuna aliyenifokea. Jioni mzee aliniita motoni, akaniwekea risasi mbili kwenye viganja, akaniambia nifumbe macho. "Pitisha ukucha wa dole gumba kwenye ncha," akasema. Ile ya kwanza ukucha uliteleza kama juu ya kigae. Ya pili ukucha ulishika, ukazama kidogo, na nilipofumbua macho kulikuwa na mstari wa kijivu chini ya ukucha. "Hiyo ndiyo softi. Macho hudanganyika gizani, ukucha haudanganyiki." Tangu siku hiyo softi zilikaa kushoto kwangu na solidi kulia, na hakuna risasi iliyotoka kwangu kwenda kwa mtu bila kupita kwenye dole gumba. Nina miaka zaidi ya sabini na nikishika kitu chenye ncha bado ukucha hutangulia wenyewe.

Kwa hiyo mpwa wangu alipopiga tena, swali langu la kwanza lilikuwa hilo: "Mwenye bunduki alikuuzia na risasi?" Akasema ndiyo, kisanduku kikubwa, za bei nafuu, za kupigia shabaha. Nikamwambia apitishe ukucha kwenye ncha. Nikamsikia akifungua droo. "Inateleza, mjomba."

Zilikuwa za koti zima, zile za jeshi. Nikamweleza kwa nini zikawa hivyo. Mwaka 1899 mataifa yalikutana The Hague na mengi yakakubali kutotumia vitani risasi zinazofunguka mwilini, baada ya kelele nyingi kuhusu zile zilizokuwa zikitengenezwa na Waingereza kiwanda cha Dum Dum, karibu na Kolkata. Hivyo risasi ya askari imetengenezwa isifunguke. Kwa mnyama mambo yanageuka. Huruma kwa mnyama ni afe upesi, na risasi isiyofunguka humtoboa ikamwacha aende kufia mbali, peke yake. Majimbo mengi ya Marekani yanakataza kabisa kumpiga ayala kwa risasi hizo. Nikamwambia azitumie kuzoea mlio na teke la bunduki, na siku ya safari asizibebe hata kwa bahati mbaya mfukoni.

Basi akafikiri jibu limekwisha: anunue softi. Lakini softi nazo si moja, na hapo kuna kisa cha pili, kifupi zaidi.

Mgeni mwingine, mwaka uleule, alikuja na bunduki yake mwenyewe, ya kipenyo kidogo na baruti nyingi. Risasi zake zilikuwa nyepesi, koti jembamba, zina kasi ya kutisha. Uwanjani alikuwa akipiga kopo mbali sana, nasi tukamheshimu. Siku ya tatu tulimkuta kuro dume kwenye majani ya mtoni, karibu mno, hatua arobaini hazikufika. Kuro ni mnyama mzito, hupita kilo mia mbili, ana bega kama mlango. Mgeni alimpiga begani. Tuliona pigo kwa macho: ngozi ilifumuka, kidonda upana wa kisahani cha kahawa. Kuro akaenda zake. Tulimpata kesho yake kwa kufuata tai, na fisi walishatangulia. Kwenye bega lililobaki tulikuta vipande vya shaba vyembamba kama magamba ya samaki, na unga wa risasi umetapakaa nyamani. Mapafu hayakuguswa. Ile risasi, kwa kasi yake na udhaifu wake, ilikuwa imepasukia mlangoni.

Kati ya tandala na kuro ndipo nilipoelewa kazi ya risasi ya kuwindia. Ya kwanza ilikwenda mbali mno bila kufanya kitu. Ya pili ilifanya yote papo hapo, mahali ambapo hapana faida. Inayotakiwa ni ile inayoanza kufunguka ikishaingia, ikabaki na uzito wa kutosha kufika kwenye mapafu, na ikiwezekana ikatokea upande wa pili. Yule Bwana alikuwa na akiba ya risasi za Nosler, akanionyesha moja aliyoikata kwa msumeno. Ndani ilikuwa na vyumba viwili vya madini ya risasi, katikati ukuta wa shaba. Chumba cha mbele hufunguka na kumalizika, cha nyuma hubaki kizima na kusukuma. John Nosler alibuni ile baada ya safari ya mwaka 1946 huko British Columbia, Kanada, alipopiga ayala mkubwa wa kule, wanayemwita musi, mwenye tope limegandia ngozini, na risasi zake zikapasukia juu juu bila kuingia. Nilipenda kujua kwamba kuna mtu mwingine, upande wa pili wa dunia, aliyesimama juu ya nyayo zinazoondoka akiwa na moyo mzito kama wangu, akarudi nyumbani akafanya jambo.

Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji Kenya nzima. Kambi zikafungwa ndani ya wiki chache, mahema yakakunjwa, na mimi nikarudi Malindi kujifunza useremala. Sina kinyongo na sheria ile. Ndovu walikuwa wakimalizwa mbele ya macho yetu, na tandala anayekatiza barabara ya bara leo yuko hai kwa sababu yake. Ninayoyaandika hapa ni ya mtu aliye mahali ambapo uwindaji una leseni, msimu na idadi, kama alivyo mpwa wangu. Kwetu bunduki ya swala ni jela, na iwe hivyo.

Tuliendelea kwa simu wiki mbili, kila alfajiri kidogo kidogo. Nilimuuliza uzito wa mnyama anayemwendea. Ayala hatuna Afrika ya Mashariki; wetu wote ni jamii ya swala, pembe zao hukaa kichwani maisha, na ayala dume huangusha zake kila mwaka akaota nyingine. Lakini mwili ni mwili. Akaniambia ayala wa mkia mweupe, dume mzima wa kaskazini, hufika kilo mia na hata kuzidi, jike hupungua. Nikapumua. Ni kimo cha tandala wangu. Mnyama wa namna hiyo hahitaji risasi ya kutisha. Ubavu wake si mpana na mifupa yake si ya nyati.

Uzito wa risasi Wamarekani huupima kwa greini, 7,000 ndizo ratili moja. Kwa .30-06 dukani alikuta za 150, 165 na 180, yaani kuanzia karibu gramu kumi hadi kumi na mbili hivi. Muuza duka alimwambia achukue 180 kwa sababu ni kubwa, mfanyakazi mwenzake alimwambia 150 kwa sababu ni ya kasi. Mimi nilimuuliza atapigia umbali gani. Akasema msitu wao ni mzito, mtu huona hatua sabini, mia ikizidi sana. Basi hapo kasi haina la kuongeza. Karibu vile risasi hufika na nguvu zote, na inayofunguka haraka mno ndiyo itakayomharibia nyama ya bega au kumpasukia juu ya mfupa. Nilimwambia uzito wowote kati ya hizo tatu unamtosha ayala, mradi risasi yenyewe imeundwa kushikamana. Muundo kwanza, uzito baadaye. Watu huanza na namba kwa sababu namba ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Kisha nikamuuliza nyama ataifanyia nini. Hili wengi hawalifikirii wanapochagua, na kwangu lina uzito kuliko yote. Mpwa wangu ana watoto wawili wadogo. Lugha yetu imeita vitu viwili kwa jina moja: risasi ni madini, na risasi ni kile kinachotoka bundukini. Yale madini ni sumu, na mtoto humdhuru ubongo kuliko mtu mzima. Softi ikifunguka huacha vumbi lake nyamani, vipande vingine vidogo hata ulimi hauvihisi, na huenda mbali na tundu kuliko unavyodhani. Nilikumbuka ule unga kwenye bega la kuro. Siku zile tulikata sehemu iliyochafuka tukala iliyobaki, na hakuna aliyetuambia kitu. Siku hizi zipo risasi za shaba tupu, zenye tundu kwenye ncha la kuzifungua, na jimbo la California limekataza kuwinda kwa risasi za madini ya risasi kabisa tangu tarehe 1 Julai 2019. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo ya uzito uleule huwa ndefu zaidi, na kwa kuwa haipotezi mwili wake njiani unaweza kushuka daraja la uzito. Nikamwambia achukue ya shaba, greini 150. Ina ubaya wake: ni ghali, na ikifika imechoka, kwa mbali sana, huenda isifunguke vizuri. Kwa hatua sabini hilo halimhusu.

Ukucha haufai kwa hizo, zote zinateleza. Nilimwambia atazame tundu la ncha, na azitenge mfuko wake, mbali na za shabaha. Akacheka kidogo akasema, "Kushoto, mjomba." Nikajua kisa kimeingia.

Alinunua kisanduku kimoja cha risasi ishirini, akaenda uwanjani. Hili nililisisitiza mpaka nikahisi namchosha. Bunduki mbili za aina moja, zimetoka kiwanda kimoja, moja itapenda risasi hii na nyingine itaitupa ovyo, na darubini iliyorekebishwa kwa risasi ya jana haijui habari ya risasi ya leo. Za shabaha zilikuwa zikimpiga katikati kabisa kwa yadi mia. Za shaba, bila kugusa chochote, zilipiga chini na kushoto, upana wa kiganja kizima. Angekwenda msituni akiamini ile katikati, kiganja hicho kingekuwa kile kile kilichonipa saa saba pale nyikani. Alirekebisha darubini, akapiga tatu, akasubiri mtutu upoe, akapiga tatu tena. Kwa jumla alitumia nane. Mwisho matundu matatu yalienea chini ya kizibo cha soda. Akanitumia picha ya karatasi, nikaipeleka barazani, wazee wenzangu wakaipokezana bila kujua ni nini, nami sikueleza.

Jambo la kuchinja aliliuliza mwenyewe. Masheikh wamelizungumza suala la nyama ya risasi kwa kirefu, naye alishamuuliza imamu wa mji wao; hapo si mahali pangu. Nilimwambia tulivyofanya sisi kambini, ambapo nusu ya watu walikuwa Waislamu na nyama ndiyo ilikuwa mshahara wa pili: bismillahi kabla ya kidole kuvuta, na kisu kiwe tayari, roho isitoke bila kukutana nacho ikiwezekana. Ndiyo maana watu wetu walikuwa wakali kuhusu risasi kuliko wageni wenyewe. Mgeni akipoteza mnyama amepoteza pembe. Sisi mnyama akikimbia mbali tumepoteza chungu cha watu ishirini. Nikamfundisha pia kumwendea aliyeanguka kwa upande wa mgongo, bunduki ikiwa tayari, na kumgusa jicho kwa ncha ya fimbo ndefu. Jicho likipepesa, bado. Kwato za mnyama anayekufa zimewahi kumvunja mtu goti mbele yangu.

Siku ya pili ya msimu simu ililia mchana, saa ambayo hajawahi kupiga. Alikuwa akihema. Alikuwa amempiga jike, hatua sitini na tano, nyuma tu ya bega, thuluthi moja ya kimo kutoka chini ya kifua. Jike alikimbia. Alikuwa amesimama pale alipopigwa na hakujua afanye nini.

"Usiende," nikamwambia. "Nionyeshe damu."

Akageuza simu. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu, nyeupe mpaka macho yaliuma, na juu yake, mwanangu, damu ilikuwa imesomeka kuliko nilivyowahi kuona mchangani kwetu. Ilikuwa imerushwa upande mmoja na upande wa pili wa njia, maana yake risasi imetoka. Nikamwambia asogeze karibu. Ilikuwa ya waridi, ina mapovu madogo madogo, kama povu linalobaki ufukweni maji yakirudi. Mzee wa nyayo alinifundisha rangi hizo kwa miaka mitatu: nyeusi nzito ni ini, subiri, yenye ukijani na harufu ni tumbo, subiri sana, ya waridi yenye povu ni pafu, nenda. Sikuwa nimeiona tangu 1977.

"Nenda," nikasema. "Kisu mkononi."

Hatua arobaini. Nilizihesabu kwa sauti ya buti zake kwenye theluji. Kisha simu ikawekwa chini, nikaona anga la kijivu na tawi moja, nikasikia "Bismillahi, Allahu akbar," na kimya. Sauti iliporudi ilikuwa ya mtu aliyelia au aliyekaribia. Hakusema kitu juu ya mnyama. Alisema, "Ameenda upesi, mjomba. Ameenda upesi."

Baadaye jioni alinitumia picha ya mbavu baada ya kuchuna. Tundu la kuingilia lilikuwa dogo kama kitufe cha shati, la kutokea lingepitisha sarafu ya shilingi ishirini, na nyama ya bega ilikuwa safi, nyekundu, bila unga wa kijivu popote. Niliikuza picha kwa vidole viwili, nikaitazama mpaka betri ikakaribia kuisha.

Kisanduku kimebaki na risasi kumi na moja. Msimu uliofuata alitaka kununua kipya, cha aina ileile, nami nikamwambia asome namba ndogo ya toleo la kiwandani iliyopigwa muhuri kwenye kifuniko, akatafute chenye namba hiyohiyo. Asipopata, arudi uwanjani upya kama mtu asiyejua chochote. Hakupata. Amerudi uwanjani.